Jinsi ya kusema "huenda" kwa Kiingereza: may, might, could na wenzake, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila wiki. Mwanafunzi wa kidato cha pili anauliza, kijana anayeongoza wageni kwenda Ziwa Ngosi anauliza, dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mbeya mjini naye anauliza. May na might zinatofautianaje? Mbona nikisema "It can rain today" nasahihishwa? Maybe na may be ni kitu kimoja? Nikitaka kusema huenda alikwisha kuondoka, nasemaje?

Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao naona unafanya kazi. Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza na neno: wanakariri kwamba may ni huenda, can ni weza, must ni lazima, halafu wanatafsiri moja kwa moja. Wewe usianze na neno. Kabla hujafungua mdomo jiulize maswali mawili tu. Nina uhakika kiasi gani? Na jambo lenyewe ni la lini: jana, sasa hivi au kesho? Ukishajibu hayo mawili, Kiingereza kinakuachia nafasi ndogo sana ya kukosea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari moja na kalamu. Simu inatosha kusoma, lakini sentensi za mazoezi ziandike kwa mkono.

Orodha ya vitenzi vyenye safu tatu, ile ya go, went, gone. Eat, ate, eaten. See, saw, seen. Karibu kila kitabu cha sarufi ya Kiingereza kinayo. Tutaihitaji sana safu ya tatu. Kama bado hujaishika, chagua vitenzi ishirini unavyovitumia kila siku uanze navyo.

Ujue am, is, are, na ujue kwamba baba yao wote ni be.

Ukipata mtu wa kufanya naye mazoezi, hata mdogo wako wa darasa la saba, utakwenda haraka zaidi.

Hatua ya 1: Pima uhakika wako kwa Kiswahili kwanza

Tuchukue tukio moja tuende nalo hadi mwisho. Kuna mama anauza viazi pale Uyole. Kila siku yupo. Leo umepita, meza yake iko tupu. Mtu anakuuliza yuko wapi, nawe unawaza kwamba yuko shambani.

Kama mvua ya kwanza ilinyesha jana, na jana hiyohiyo alikuambia anangoja mvua tu apande, basi una ushahidi. Kwa Kiswahili ungesema "Lazima atakuwa shambani" au "Bila shaka yuko shambani." Kiingereza: "She must be at the farm."

Kama hujaona ushahidi wowote ila ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa kila Jumatano huenda shambani na leo ni Jumatano, unasema: "She should be at the farm." Ni makadirio ya mtu anayejua ratiba.

Kama unakisia tu, yaani huenda, pengine, labda, yawezekana, hapo una maneno matatu ya kuchagua: "She may be at the farm." "She might be at the farm." "She could be at the farm."

Na kama umetoka huko shambani sasa hivi na hukumwona mtu, unasema haiwezekani awe shambani: "She can't be at the farm."

Sasa lile swali kubwa, may na might. Vitabu vingi vinasema might ina mashaka zaidi kidogo, na mtu akitaka kuonyesha kwamba jambo liko mbali ataichagua. Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo ni ndogo mno, na hakuna atakayekulaumu kwa kuchagua moja badala ya nyingine. Jambo la kushika ni hili: watu wakiongea hutumia might zaidi, na wakiandika barua rasmi, tangazo au ripoti hutumia may zaidi. Could inakaa vizuri pale unapotaja jambo moja kati ya mengi yanayowezekana: anaweza kuwa shambani, sokoni, au kwa dada yake Tukuyu.

Usipoteze jioni nzima kwenye tofauti ya may na might. Makosa yanayovuruga maana yako mbele.

Hatua ya 2: Jenga sentensi kwa umbo moja lisilobadilika

Umbo ni hili: mtendaji, halafu neno la uwezekano, halafu kitenzi kitupu. Kitupu maana yake hakina s, hakina to mbele, hakina ed wala ing.

Sahihi: "He might come." "The bus may be late." "They could know the answer."

Makosa ninayoyaona kwenye madaftari karibu kila siku ni haya:

- "He might comes." Ondoa s. Hata kama mtendaji ni he, she au it, kitenzi kinabaki kitupu.
- "He may to come." Ondoa to.
- "He may is sick." Is inarudi kwa baba yake: "He may be sick."
- "He may sick." Hili ndilo linalotutesa zaidi sisi, kwa sababu Kiswahili kinaturuhusu kusema "huenda mgonjwa" na kila mtu akaelewa. Kiingereza hakiruhusu. Sick si kitenzi, kwa hiyo lazima be isimame katikati.
- "He will can come." Maneno mawili ya namna hii hayakai pamoja. Chagua moja.

Kila ukimaliza kuandika sentensi, weka kidole juu ya may, might au could na usome neno linalofuata. Likiwa si kitenzi kitupu, wala not, wala kielezi kama already au still, sentensi ina kasoro.

Hatua ya 3: Weka wakati nyuma ya neno la uwezekano

Hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana. Sisi tunasema huenda, kisha kitenzi kinachofuata kinabeba wakati wake chenyewe: huenda anakuja, huenda alikuja, huenda atakuja. Mtu akihamisha mtindo huo anapata "She may came" au "She may will come", na zote mbili ni makosa. Katika Kiingereza may haibadiliki, na kitenzi kilicho nyuma yake hakipokei wakati kwa njia tuliyoizoea. Kuna njia nne tu, na zinatosha.

Hali ya sasa: kitenzi kitupu. "She may be at home." "He might know the price."

Tendo linaloendelea sasa hivi: be, kisha kitenzi chenye ing. "She might be planting potatoes." Usiseme "She might planting." Be haiondoki.

Kesho au baadaye: kitenzi kitupu tena, na neno la wakati ndilo linaloonyesha kuwa ni mbele. "She may come tomorrow." Will haihitajiki kabisa.

Jambo lililokwisha kupita: have, kisha safu ya tatu. "She may have gone to Tukuyu." "She might have sold everything." "The bus could have left already."

Hiyo ya mwisho inahitaji uikalie. Wanafunzi huniambia: lakini she inachukua has. Ni kweli inapokuwa peke yake, ila hapa have imekaa nyuma ya may, na tulikubaliana kwamba anayekaa nyuma ya may hubaki mtupu. Kwa hiyo ni "She may have gone", "It may have rained", "He may have seen us". Has haingii hapa.

Anayeongoza wageni Isimila, karibu kilomita 20 kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, anaihitaji hatua hii kila siku ya kazi. Pale kuna zana za mawe za watu wa kale sana, na mambo mengi kuwahusu hayawezi kusemwa kwa uhakika wote. Akisema "People can come here to drink water", mgeni ataelewa kwamba hata leo watu wanaruhusiwa kuja kunywa maji. Akisema "People came here to drink water", anatoa habari kana kwamba alikuwepo. Sentensi ya kweli ni "People may have come here to drink water and to hunt." Hapo amesema anachokijua, na ameonyesha mpaka wa anachokijua. Mgeni makini humheshimu zaidi kiongozi anayesema hivyo.

Angalizo la tahajia: mtu akitamka haraka, might have husikika kama "maitav", na kwenye meseji utakuta watu wameandika "might of". Hata wenye lugha yao hukosea hivyo. Wewe andika have. Na ukitamka, kumbuka might ni "mait" na could ni "kud". Zile gh na l ziko kwenye maandishi tu.

Hatua ya 4: Itenge can, ina kazi yake

Naomba uisome hatua hii polepole kuliko zote.

Weza yetu inafanya kazi nyingi. "Anaweza kuimba" ni uwezo. "Unaweza kuondoka" ni ruhusa. "Mvua inaweza kunyesha leo" ni uwezekano. Kwa sababu neno ni lilelile, tunachukua can na kuitumia kote. Kwenye uwezo iko sawa: "She can sing." Kwenye ruhusa iko sawa: "You can go." Kwenye uwezekano wa jambo moja mahususi, la leo au la kesho, can haifai. "It can rain today" si Kiingereza kizuri. Sema "It might rain today", au may, au could.

Hata hivyo can haijafukuzwa kabisa kwenye uwezekano. Inatumika unaposema tabia ya kitu au ya mahali, kwamba mara nyingine huwa hivyo. "It can get very cold in Njombe in June." Hapo hutabiri siku yoyote, unaeleza jinsi Njombe ilivyo. Ukitaka kusema kuhusu kesho, unabadilisha: "It might be very cold in Njombe tomorrow."

Kipimo chake ni rahisi. Jaribu kuweka "mara nyingine huwa" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Ikikaa vizuri, tumia can. Kisha jaribu kuweka "huenda". Ikikaa vizuri, tumia may, might au could.

"Mara nyingine foleni ya Mafiati huwa ndefu sana." Inakaa. "The queue at Mafiati can be very long."

"Huenda leo kukawa na foleni Mafiati." Inakaa. "There might be a queue at Mafiati today."

Kwa nini nasisitiza hivi? Chukua kipunji. Ni kima anayepatikana kwenye misitu ya mlima Rungwe na ya upande wa Kitulo, na pia katika eneo moja dogo la milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa wenyeji wa Rungwe walikuwa wanamjua kwa jina hilohilo tangu zamani. Ni adimu, anaishi juu ya miti, na haonekani kirahisi. Sasa kijana anamwambia mgeni, "You can see the kipunji." Kichwani mwake anamaanisha huenda ukamwona. Mgeni anaelewa kwamba kuonana na kipunji ni sehemu ya huduma anayolipia. Wanapanda tangu asubuhi, msitu umetanda ukungu, hawaoni kitu, na jioni mgeni amenuna. Kijana hakudanganya. Alikosea neno moja. Angesema "We might see a kipunji, but they are very shy", mgeni yuleyule angeshuka mlimani ameridhika na miti, ndege na hewa, na angetoa ahsante yake kwa moyo.

Kondakta naye akisema "We can arrive at six", abiria anasikia kwamba gari lina uwezo huo na ratiba inaruhusu. Bora aseme "We should arrive at about six, but there might be a queue on the way."

Hatua ya 5: Kanusha kwa uangalifu

Kwenye kukubali, may, might na could ni ndugu wa karibu. Kwenye kukanusha could inaondoka, inahamia upande wa can't.

"She may not be at home" na "She might not be at home" ni huenda hayupo nyumbani. Bado hujui.

"She can't be at home" na "She couldn't be at home" ni haiwezekani awe nyumbani. Umekata shauri.

Angalia tofauti hiyo inavyobeba uzito. Mhudumu wa afya akisema "This medicine may not work", amemtahadharisha mgonjwa. Akisema "This medicine can't work", amemwambia aitupe dawa. Ukimwandikia mwajiri "I might not come on Monday", atakupigia kuuliza. Ukiandika "I can't come on Monday", ataweka mtu mwingine zamu yako.

Sasa must. Kwa kuwa "She must be at home" ni lazima yuko nyumbani, wengi hudhani kinyume chake ni "She mustn't be at home." Msikilizaji wako ataelewa kwamba amekatazwa kuwa nyumbani. Mustn't ni marufuku. Kinyume cha must ya uhakika ni can't: "She must be at the farm, she can't be at home." Utawasikia Wamarekani wengine wakitumia must not kwa maana ya uhakika, na wakisema hivyo waelewe, ila wewe shika can't, haitakuangusha popote.

Ufupisho: can't na couldn't tumia utakavyo. Mightn't ipo lakini ni nadra. Mayn't iache kabisa, andika may not.

Hatua ya 6: Uliza na ujibu kwa ufupi

May haianzi swali la huenda. "May it rain tomorrow?" haisemwi. Ukianza swali na may, unaomba ruhusa: "May I come in?" Ukitaka kuuliza uwezekano, tumia mojawapo ya hizi:

"Do you think it will rain?"
"Could she be at the farm?"
"Is the bus likely to be late?"

Majibu mafupi nayo yana utaratibu wake, na ukiyashika utasikika kama mtu aliyeizoea lugha. Usijibu "Yes, may." Jibu kwa mtendaji, neno la uwezekano, na kipande kinacholingana na swali.

"Will she come?" "She might."
"Is she at home?" "She might be."
"Has the bus left?" "It might have."

Swali lenye is au are, jibu libebe be. Swali lenye has au have, jibu libebe have. Fanya hilo na mwenzako kwa kupokezana haraka bila kuandika, mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 7: Lililoponea chupuchupu

Could have ina kazi ya pili ambayo may have haina. Basi linashuka Kitonga, lori lililoko nyuma limekatika breki, dereva wenu anakwepa kwa kuingia pembeni. Mmetoka wazima. Kwa Kiswahili tunasema "Lingetugonga!" au "Tungeweza kufa!" Kiingereza: "It could have hit us!" "We could have died!" Might have pia inafaa.

May have usiitumie hapa. "It may have hit us" maana yake huenda limetugonga, sijui, ngoja nishuke nikaangalie. Kwa jambo ambalo unajua kabisa halikutokea, tumia could have au might have.

Hatua ya 8: Zoezi

Andika hizi kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu. Kila moja, anza kwa kujiuliza: uhakika kiasi gani, na ni la lini.

1. Huenda kesho kukawa na ukungu Kitulo.
2. Lazima atakuwa amechoka; ametembea kutoka Matamba.
3. Huenda gari la Makambako limeshaondoka.
4. Haiwezekani hizi ziwe bei za leo.
5. Huenda mwalimu asije.
6. Barabara za Rungwe mara nyingine huwa na utelezi sana masika.
7. Huenda sasa hivi wanachuma chai.

Majibu: 1. "It may be foggy in Kitulo tomorrow." 2. "She must be tired, she has walked from Matamba." 3. "The Makambako bus might have left already." 4. "These can't be today's prices." 5. "The teacher might not come." 6. "The roads in Rungwe can be very slippery in the rainy season." 7. "They could be picking tea now."

Kwenye 1, 3, 5 na 7 may na might zinabadilishana bila tatizo. Could nayo inafaa kwenye 1, 3 na 7, ila kwenye 5 haifai, kwa sababu tumeona could not ni kukata shauri. Namba 2 inaweza pia kuwa he, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi. Ukikosa namba 6, rudi hatua ya 4.

Baada ya hapo, kila jioni toka nje utazame mawingu juu ya Loleza, au mlima wowote ulio karibu nawe, uandike sentensi tatu: moja ya kesho, moja ya kitu unachodhani kinatokea sasa mahali usipopaona, na moja ya kitu ulichokuta kimeshatokea nawe hujui chanzo chake. Hizo tatu zinagusa nyakati zote.

Ukikwama

*Maybe na may be zinanichanganya.* Weka labda mahali pake. Kama sentensi inasimama na labda, ni maybe, neno moja, na mara nyingi huanza sentensi: "Maybe she is ill." Kama iko baada ya mtendaji na ndiyo kitenzi chenyewe, ni maneno mawili: "She may be ill." Usizipange zote kwenye sentensi moja. "Maybe she may be ill" ni kurudia jambo lilelile.

*Kwenye mtihani naambiwa nibadilishe sentensi.* Ukipewa "Perhaps he is asleep" na kutakiwa uanze na he, ondoa perhaps, weka may, rudisha is kuwa be: "He may be asleep." Ukipewa "Perhaps he went home", went inakuwa have gone: "He may have gone home." Wengi wanapoteza alama kwa kusahau kuondoa perhaps.

*Nimeambiwa might ni wakati uliopita wa may.* Ndiyo, unaporipoti maneno ya mtu. Alisema "I may come", wewe unasimulia "She said she might come." Lakini "It might rain tomorrow" ni kesho kabisa. Na ukitaka jambo lililopita, might peke yake haitoshi, weka have na safu ya tatu.

*Sijui kama may niliyoisikia ni ruhusa au huenda.* Tazama mtendaji na anayesema. "It may rain": mvua haiombi ruhusa kwa mtu, kwa hiyo ni huenda. "You may sit down", kutoka kwa mwalimu, ni ruhusa. Ikibaki na utata, muulize aliyesema.

*Nataka kutumia neno possible.* Sema "It is possible that he will come." Usiseme "He is possible to come." Mtu anakuwa likely: "He is likely to come." Ila likely ni zaidi ya huenda, ni kwamba dalili zipo.

*Could naiona pia kwenye uwezo wa zamani.* Ni kweli. "When I was young I could climb Loleza without resting" ni uwezo wa enzi hizo. "It could rain before we reach the top" ni huenda. Neno la wakati na sentensi zinazoizunguka zitakuonyesha ni ipi.

*Wageni wanaongea haraka, siisikii have.* Usiitafute have. Sikiliza kitenzi cha mwisho. Ukisikia might kisha gone, seen, left au eaten, jua have ilikuwepo na jambo ni la zamani.

*Nikiongea naganda kwa kutafuta neno sahihi.* Anza na maybe, kisha useme sentensi ya kawaida unayoijua: "Maybe she went to the farm." "Maybe it will rain." Ni Kiingereza sahihi kabisa na kila mtu atakuelewa. May, might na could ziendelee kukua kwenye daftari lako, na ulimi utazichukua kadiri unavyoandika.